Kinyozi wa Mwenyewe

Machi 4

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kiti cha pili. Nimeweka ndoo. Baba amesema atamwita fundi wa paa. Mwaka jana alisema hivyohivyo.

Machi 7

Wateja wawili tu kutwa nzima. Mvua ikinyesha watu hugundua kwamba nywele hazina haraka.

Machi 9

Mwenyewe amekufa.

Redio imetangaza asubuhi nikiwa namnyoa Mwalimu, na Mwalimu akageuka ghafla, nusura nimtoe sikio. Nikamwambia, "Tulia, Mwalimu, amekufa mmoja, usinizidishie." Hakucheka. Alikaa na povu mashavuni, machozi yanampitia katikati ya povu. "Mimi ni mtoto wa mchunga mbuzi," akasema. "Mbuzi wenyewe wa watu. Bila shule zake ningekuwa wapi leo?" Mimi pia nilizaliwa kwenye hospitali aliyoijenga yeye, na Mama hakutozwa kitu.

Tulimwita Mwenyewe, wanaompenda na wanaomchukia, miaka yote aliyotawala na hii kumi na kitu tangu atolewe. Yeye ndiye mwenyewe, sisi wengine wapangaji.

Fundi Saa yeye aliisikia redio akiwa nje, barazani kwetu, anapanga miavuli yake. Tunamwita Fundi Saa ingawa hashiki saa tena. Alikaa kizuizini miaka mitatu kwa amri ya Mwenyewe, na alipotoka vidole vyake havikunjiki, sasa anauza miavuli na soksi. Akachungulia mlangoni. "Kweli amekufa, au ni maneno?" akauliza. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Mwongo yule," akarudi kwenye miavuli yake.

Baba aliinuka kwenye benchi lake, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa cheusi, akapanda kwenye kigoda kwa miguu yake hiyo inayotetemeka, akakifunga kwenye picha ya Mwenyewe ukutani. Baba alikuwa kinyozi wa Mwenyewe. Kila Ijumaa gari lilikuja kumchukua na mkoba wake wa ngozi. Mwenyewe alipotolewa gari liliacha kuja, na baada ya muda mikono ya Baba ikaanza kutetemeka, duka akaniachia mimi.

Nyumba yetu iko nyuma ya duka, katikati kuna pazia. Mama akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Mwambie baba yako, mwanangu hajawahi kupata hata uzi mweusi."

Baba akasema, "Mwambie mama yako, hatuweki msiba wa mtu aliye hai."

Sikumwambia mtu kitu. Pazia lenyewe ni jepesi, wanasikiana vizuri tu.

Machi 10

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakufa, niseme wazi, maana humu ndani kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Nilikuwa na kaka, mmoja tu. Alisoma chuo, wakagoma, wakaandika mabango kwamba Mwenyewe aondoke. Akaja nyumbani. Mama akamwambia, "Nywele hizo ndizo zitakazokufungisha, nenda kanyolewe." Baba akamkalisha kwenye kiti cha kwanza. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nafagia nywele chini. Wakaingia wanaume watatu wenye viatu visivyo na vumbi, wakamwambia Kaka, "Njoo mara moja." Alitoka na kitambaa cha kinyozi shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado. Baba alibaki amesimama, mashine inanguruma mkononi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa gari likaja kumchukua Baba akamnyoe Mwenyewe, na Baba akaenda.

Aliporudi alisema, "Nimemuuliza. Amesema kijana yuko salama, amepelekwa nje kusoma, atarudi akishapata akili."

Mama alimtazama, akamuuliza, "Amesema hivyo kwa mdomo wake?" Baba akasema ndiyo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho Mama kumwambia Baba ana kwa ana. Tangu hapo ni "mwambie baba yako chai ipo," "mwambie baba yako avue viatu." Dukani hajakanyaga tena.

Mimi niliamini. Nani hataki kuwa na kaka aliye nje anasoma? Shuleni niliwaambia wenzangu, nikawapa mpaka jina la mji. Na hata nilipokuwa mtu mzima, nikajua kwamba hakuna masomo ya miaka ishirini na ushei, bado nilikuwa upande wa Baba. Alimuuliza, akadanganywa, kosa lake ni lipi? Mama nilimwona ana roho ngumu. Mume ameuliza, wewe unataka afanye nini zaidi?

Machi 13

Mvua. Ndoo imejaa mara tatu.

Machi 16

Wanagombania pa kumzika. Serikali inataka uwanja wa katikati ya mji, karibu na sanamu ambalo walilivunja wenyewe kichwa alipotolewa. Familia yake inataka kwao. Waliofungwa wanasema asizikwe kwa heshima yoyote mpaka waambiwe watu wao wako wapi. Wamekwenda mahakamani, wote watatu. Maiti yuko mochwari anasubiri hukumu. Fundi Saa amesema, "Hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza, na kahudhuria akiwa barafu."

Machi 21

Leo nimefukuza watu dukani.

Mwalimu na Fundi Saa wamekaa benchi moja miaka yote hii, mmoja anasoma gazeti kwa sauti, mwingine anasikiliza kwa sababu karatasi inamsumbua kufunua. Leo Mwalimu amefunga utepe mweusi mkononi. Fundi Saa akamwambia, "Toa hicho kitambaa ukae nami." Mwalimu akasema, "Alitujengea barabara. Zamani mwanamke alijifungulia njiani." Fundi Saa akasema, "Barabara naijua. Ndiyo niliyopitishwa nikiwa nimefunikwa macho. Laini sana, sikurushwa hata mara moja." Mwalimu akasema, "Kila mtawala ana makosa yake." Fundi Saa akamwekea mikono yake miwili mapajani, vidole vimenyooka kama vijiko, akasema, "Haya, yahesabu."

Mwalimu akasimama, wakaanza kutukanana, wazee wa watu. Nikawatoa wote wawili na mteja niliyekuwa namnyoa, na yeye alikuwa ameshachagua upande. Ukutani juu ya kioo Baba aliandika zamani, kwa rangi nyekundu: MWENZAKO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Nilikuwa naliona pambo tu.

Sasa Mwalimu anakuja asubuhi, Fundi Saa anaingia mchana. Nimekuwa na maduka mawili.

Machi 28

Mahakama imeahirisha. Kaunta imeota ukungu.

Aprili 5

Ameingia mpwa wa Mwenyewe. Kijana wa suti, kalowa, anatafuta pa kuweka mwavuli. Mahakama imeamua: ataagwa uwanjani, kisha atazikwa kwao. Kila upande umepewa nusu, kwa hiyo wote wamekasirika. Shida ni kwamba Mwenyewe alipotolewa hakumruhusu mtu amshike kichwa. Nywele zimerefuka, ndevu mpaka kifuani. "Hatuwezi kumwonyesha hivyo," mpwa akasema. "Tunataka arudi alivyo pale." Akaonyesha picha yetu ukutani.

Picha hiyo kila mtu anaijua. Nywele fupi, na mstari mwembamba umechongwa kwa wembe upande wake wa kushoto, kuanzia kwenye paji. Vinyozi tunauita njia. Wazee wengi mpaka leo wakikaa wanasema "nichongee ya Mwenyewe," nawachongea nikiwa nawaza mambo yangu.

Baba akainua mikono yake, ikatetemeka mbele ya mpwa. "Mikono ni ya binti yangu," akasema, "lakini nitakuwepo." Uso wake ulikuwa umeng'aa. Sijamwona hivyo tangu gari lilipoacha kuja.

Nilitaka kukataa. Mama ndiye aliyenitokea jikoni, akanishika mkono. "Nenda," akasema. "Nenda ukamwangalie vizuri. Mwanangu anasoma nje kwa kauli ya huyo. Kahakikishe hana tena neno la kusema."

Aprili 8

Nimerudi. Naandika mchana huuhuu kabla mkono haujatulia ukaanza kuongopa.

Mpwa alitufikisha mlangoni, akabaki nje, harufu imemshinda. Ndani tulikuwa mimi na Baba, na mhudumu wa mochwari aliyekuwa anakula mkate akitazama dirishani. Mwenyewe alikuwa kwenye meza ya bati, kichwa kimesukumwa mpaka ukutani kwenye sinki. Nikauliza kama meza inaweza kuvutwa. Mhudumu akasema imefungwa kwa boliti.

Mtu mdogo. Nilimkumbuka mkubwa.

Baba akasema, "Shikamoo, Mzee." Kisha akabaki ameinama kidogo, na mimi nikafungua mkoba wake wa ngozi, nikatoa kitambaa, nikamfunga Mwenyewe shingoni. Ni mazoea. Maiti anaogopa nini nywele? Nikaanza na ndevu. Nikapunguza nywele kwa mkasi, kisha kwa mashine. Baba alisimama upande wa pili wa meza, ananielekeza kwa sauti ya chini, kama zamani aliponifundisha: pole hapo, ana kovu nyuma ya sikio, zunguka. Na kweli kovu lilikuwepo. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Nilifurahi kufanya kazi na baba yangu.

Ilipobaki njia peke yake, nikachukua wembe. Baba akaacha kunielekeza. Akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio lile lenye kovu.

"Mzee," akasema, "niwie radhi. Leo sina wembe mkononi. Wembe anao binti yangu. Kwa hiyo leo naweza kukuuliza. Kijana wangu ulimweka wapi?"

Nikasikia, na mkono wangu ukaendelea kuchonga. Hilo ndilo linalonitisha. Akili ilisimama, mkono ukaenda.

Baba akangoja. Alingoja kweli, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyeuliza bei. Mhudumu aliacha kutafuna. Mwisho Baba akanyooka, akasema, "Haya, Mzee," akaanza kukunja kitambaa, mwenyewe, kwa mikono ile inayotetemeka, nywele zinamwagika chini zote.

Tukarudi. Mvua ilikuwa inapiga, tumeshikana chini ya mwavuli mmoja, na nilitamani sana kumwachia alowe.

Aprili 9

Nimemngoja mpaka duka likawa tupu.

"Hukumuuliza," nikasema.

"Jana nilimuuliza."

"Baba!"

Akakaa kwenye kiti cha kwanza, kiti ambacho huwa hakikalii. "Nisikilize, mwanangu. Mimi nilikuwa mtu pekee katika nchi hii aliyeruhusiwa kuingia kwa yule na chuma. Pembeni yangu walisimama wawili wananitazama vidole. Mtu ana wembe shingoni, halafu anayeushika anamuuliza, mwanangu yuko wapi? Hilo ni swali? Hilo ni tishio. Wangenimaliza palepale, halafu wangewafuata nyinyi."

"Na baada ya kunyoa? Wembe ukiwa mkobani?"

"Baada ya kunyoa anasimama, anajitazama, anasema ahsante, anaondoka." Alikuwa anatazama ndoo. "Kila Ijumaa nilijiambia Ijumaa ijayo. Kila Ijumaa. Mpaka zikaisha."

"Na yale uliyomwambia Mama? Salama, nje, kusoma?"

"Mama yako alihitaji kitu cha kushika. Nikampa."

"Hukumpa Mama, Baba. Mama hakukishika hata siku moja. Ulijipa wewe."

Akaniomba nisimwambie Mama. Alitumia neno tafadhali, neno ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Mama amezeeka, akasema, nimwachie tu huo uongo afe nao. Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikafagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

Miaka yote hii nimemwonea Mama. Nimekaa na Baba dukani nikicheka naye, Mama yuko nyuma ya pazia na ukweli wake peke yake, na mimi namwona ana roho ngumu.

Baadaye kidogo Mama aliniuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Amekufa kweli?"

"Amekufa."

"Umebahatika kujua," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Aprili 11

Balaa.

Leo ameagwa uwanjani. Watu wamepanga mstari kwenye mvua tangu alfajiri. Saa tano makelele yakaanza, redio ikakatisha nyimbo za maombolezo. Njia iko kulia.

Nimetazama picha kwenye simu ya mteja. Iko kulia kabisa, safi, imenyooka, kazi nzuri sana ya upande usio wake. Nikaelewa hapohapo. Kinyozi husimama nyuma ya mteja. Kushoto kwa mteja ndiko kushoto kwangu, na mkono wangu umechonga njia hiyo kwa mamia ya wazee bila kuniuliza. Mochwari kichwa kilikuwa kimebanwa ukutani, nikasimama ubavuni pake, nikimtazama usoni. Mkono ukaenda kushoto kwangu kama kawaida yake, na safari hii huko ni kulia kwake. Baba alikuwa na swali lake sikioni, hakuona. Mpwa alikuwa nje ameziba pua.

Sasa wanaompenda wanasema huyo siye. Wamewekewa mtu mwingine, Mwenyewe yuko hai mahali, atarudi. Wengine wanasema ni yeye ila serikali imemchezea kichwa makusudi, ni tusi. Wanaomchukia nao wanasema siye, amejificha kukwepa maswali, na familia imenunua maiti. Nchi nzima imegawanyika kwa mstari wangu.

Mwalimu alikuja anahema. Nikamwambia, "Mwalimu, ni mimi. Nilisimama upande mbaya." Akanishika bega kwa huruma. "Usijitwike, binti. Najua umelazimishwa kusema hivyo." Mchana nikamwambia Fundi Saa. Alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza namwona anacheka, kisha akasema, "Wamekulipa kiasi gani uwafunike hivyo?"

Hakuna aliyetaka kosa la kinyozi.

Aprili 12

Wamekuja hapa. Barabara imejaa kuanzia kwa muuza simu mpaka kwenye mtaro, miavuli na maboksi vichwani, wote wakimtaka Baba. Yeye ndiye anayekijua kichwa. Mazishi yamesimamishwa mpaka ijulikane. Mtangazaji wa redio akaingia na kinasa sauti chake, nyuma yake watu wamebanana mpaka mlango ukalia.

"Mzee," akasema, "wewe ulimnyoa miaka mingi. Uliuona mwili?"

"Niliuona."

"Ni yeye?"

Baba alisimama wima. "Ni yeye. Nilikuwepo, nimemgusa kwa mkono huu. Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Ni yeye, na amekufa."

Nje watu wakaanza kupeana habari, amesema ni yeye, amesema amekufa, wengine wakalia upya, mmoja akapiga makofi akazabwa kibao. Ndipo pazia likafunguka.

Mama aliingia dukani. Kandambili zake zilikuwa na maji ya jikoni. Alitazama kiti cha kwanza, akatazama picha yenye kitambaa cheusi, akamgeukia mtangazaji.

"Siku mbili," akasema. "Siku mbili hamna hakika kama mzee mmoja amekufa, na nchi nzima haijala. Mnatafuta aliyemgusa. Mnataka kovu. Basi na mimi natafuta." Akamgeukia Baba. Akamwambia Baba, yeye mwenyewe, machoni. "Mwanangu je? Nani alimgusa? Huyo bwana wako ulipomuuliza, alikwambia nini hasa?"

Baba alinitazama mimi. Nilitazama chini. Kama ningesema neno hapo angelishika, angejificha nyuma yake, na nimechoka kuwa pazia la hawa watu wawili.

"Sikuuliza," Baba akasema. "Mama watoto, sikuwahi kumuuliza. Nilikudanganya."

Kinasa sauti kilikuwa bado mbele ya mdomo wake. Mama aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi, akageuka, akarudi ndani.

Jioni tulisikiliza habari. Wamemtoa Baba akisema, "Ni yeye, na amekufa." Yaliyobaki wameyakata.

Aprili 13

Mvua. Mama hajasema kitu kwa mtu yeyote.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Chai ilikuwa mezani, hakuna aliyetumwa kusema ipo. Baba ameikuta imepoa.

Aprili 17

Leo Mama ameingia tena dukani, kajifunga kanga safi, na akakaa kwenye kiti cha kwanza. Akavua kitambaa kichwani. Sikujua kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe zote.

Nikachukua mashine. Akasema, "Si wewe."

Baba aliinuka kwenye benchi. "Mama watoto, mikono hii unaiona."

"Mikono hiyo haikutetemeka kwake Ijumaa hata moja. Mwanangu amekufa. Ninyoe."

"Nitakukata."

"Nikate. Mwanangu ulimwachia nusu. Mimi nimalize kichwa chote."

Baba akachukua wembe. Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia. Alimnyoa mke wake kuanzia utosini, na alimkata mara kadhaa, damu ikateremka nyuma ya shingo mpaka kwenye kanga safi. Mama hakukunja uso. Baba alikuwa analia kwa sauti, kilio kile kibaya cha mzee, kamasi na kila kitu, na anaendelea kunyoa kwa sababu kila aliposimama Mama alisema, "Bado."

Alipomaliza Mama alijitazama kwenye kioo, kwa muda. "Alifanana na mimi," akasema.

Kinyozi hajinyoi. Baba akakaa, nikamnyoa mimi, kichwa chote. Nikataka kuishusha picha, nikaona Mama amenizuia kwa jicho. Alitaka Baba aishushe mwenyewe. Baba akapanda kigodani, akaishusha, akakosa pa kuiweka. Mwisho nikaiweka chini ya bati linalovuja, ndoo juu yake.

Aprili 20

Mvua imekatika. Leo wamemzika Mwenyewe.

Tumefunga duka. Mama aliniambia niandike kwenye boksi, herufi kubwa, nitundike mlangoni: TUMEFIWA. Nikamwambia, "Mama, siku ya leo watu wataelewa vibaya." Akasema, "Wakielewa vibaya nitawaeleza. Mdomo si ninao?" Tukakaa barazani, sisi watatu, vichwa vinang'aa juani, benchi lile la Mwalimu na Fundi Saa tumelitoa nje.

Ikawa kama nilivyosema. Kila aliyepita aliusoma msiba wetu kwa miwani yake. Mwanamke mmoja akatukumbatia, akasema tumempoteza baba yetu sote. Mama akasema, "Hapana, mimi nimefiwa na mtoto." Kijana mmoja akatema mate karibu na mguu wa Baba. Mama akamwambia vilevile, kwa sauti ileile, na kijana akafuta mate kwa kiatu chake, aibu imemjaa.

Fundi Saa alikuja na miavuli isiyouzika tena. Akasimama mbele ya boksi. "Hata nyinyi?" akasema. "Hata nyinyi mnamlilia?" Mama akamwambia ni nani tunayemlilia. Fundi Saa aliweka miavuli chini, akampa Mama mkono wake usiokunjika, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakuuliza kitu. Yeye anajua jinsi vifo hivyo vinavyokuwa.

Kisha Mwalimu, anatoka kutazama mazishi kwenye televisheni ya hoteli, utepe mweusi bado mkononi. "Poleni," akasema. "Poleni kwa msiba wetu."

"Si wenu," Mama akasema. "Ni wa mwanangu."

Mwalimu alichanganyikiwa. Alimfundisha Kaka darasa la tano, na kila mwaka alikuwa akimuuliza Baba kama kijana ameandika barua. "Yule wa nje?" akasema. "Amekufa lini?"

Mama aligeuza kichwa chake kilichonyolewa, chenye majeraha mabichi ya wembe, akamtazama Baba, na mimi nikamtazama, na Fundi Saa pia kutoka kule chini.

"Alikufa mimi nikiwa namnyoa Mwenyewe," Baba akasema.

Mwalimu alibaki amesimama palepale juani, mkono mmoja juu ya ule utepe wake, hajui aufungue au auache. Hakuna aliyemsaidia. Baba alikuwa amekaa katikati ya benchi, ameinama, amelijaza lote.

Mama akanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako asogee," akasema, "Mwalimu apate pa kukaa."